Mtuhumiwa, Mshtakiwa na Mtetezi: Historia ya Maneno Machache ya Mahakamani

Insha hii imetokana na barua. Iliandikwa kwa mkono, kwa hati nzuri ya watu waliosoma zamani, nayo ilitoka Bwejuu, kijiji cha pwani ya mashariki ya Unguja, katika Wilaya ya Kusini. Mwandishi wake, ambaye ni mtu mzima wa kuheshimiwa, alieleza kwamba mpwa wake amechukuliwa kwa jambo la simu: picha ya utupu ya msichana mmoja ilionekana ikitembea katika simu za vijana wa pwani ile, na ikasemwa kuwa ilianzia katika namba yake. Mzee huyo hakutuuliza kama kijana alitenda au hakutenda. Alituuliza mambo matatu ya lugha.

Kwanza, katika karatasi moja kijana ameitwa mtuhumiwa, katika nyingine ameitwa mshtakiwa, na hapo barazani kwao ameshakuwa "mbakaji wa mtandaoni"; je, alihama lini kutoka jina moja kwenda jingine, na ni nani aliyemhamisha? Pili, simu ileile imeitwa kidhibiti mahali pamoja na kielelezo mahali pengine. Tatu, baadhi ya ndugu wamekataa kuchangia ujira wa wakili kwa hoja kwamba atakayemtetea kijana huyo atakuwa anatetea uchafu. Chini kabisa aliongeza mstari mmoja ambao hatukuusahau: kwamba msichana naye ni mtoto wa jirani yake, na wote wawili amewapakata.

Si kazi ya Baraza kuamua kesi, wala kutabiri hukumu. Lakini maswali ya mzee huyu yana historia, na mwenye kuichunguza ataona kwamba lugha yetu ya kushtaki imekua haraka kuliko lugha yetu ya kujibu mashtaka. Neno utetezi lenyewe limebebeshwa maana nyingine tatu kabla ya kuifikia ile inayotakiwa mahakamani, nazo ni ugomvi, sitara na kuomba huruma. Kila moja ya maana hizo bado inamfuata mtu anayesimama kizimbani, na katika makosa ya kingono yatendekayo mtandaoni inamfuata kwa nguvu zaidi.

Tuanze na ugomvi. Kutetea ni kauli ya kutendea ya kitenzi kuteta. Na kuteta, kama makamusi yanavyoeleza na kama linavyosikika hadi leo mitaani, ni kubishana, kugombana, na pia kumsema mtu asiyekuwapo. Kwa hiyo kumtetea mtu, kwa asili ya neno, ni kugombana kwa ajili yake. (Kuku anayekaribia kutaga naye hutetea, lakini hilo ni neno jingine, na walimu wanaopenda kuwachekesha wanafunzi kwa kuyaunganisha mawili haya hawana ushahidi.) Asili hiyo ina uzuri wake, kwa kuwa mtetezi hana budi kuwa na ujasiri wa mgomvi. Lakini inaacha nafasi ya dhana mbaya, yaani kwamba mtetezi amechagua upande katika ugomvi, na kwa hiyo amekwisha kuwa adui wa aliyelalamika.

Maana ya pili ilitoka vijijini. Katika vijiji vya Wahadimu vya kusini mwa Unguja, Bwejuu kikiwa kimojawapo, mambo ya jamii yalikuwa yakiangaliwa na wazee waliojulikana kwa jina la Watu Wanne, na baadaye na sheha. Shauri la aibu lilipotokea, lililotafutwa kwanza lilikuwa sulhu. Neno lililotawala hapo ni muhali, ambalo kila Mzanzibari analifahamu na ambalo si rahisi kulifasiri: ni ile hali ya kushindwa kumkatalia au kumshtaki mtu kwa sababu ya udugu, ujirani au haya. Muhali ulimlinda mtuhumiwa bila ya kumtetea. Hakuna aliyeuliza kama alitenda. Ilitosha kwamba jambo limestiriwa. Msichana alinyamazishwa, na kijana, kama hakuwa na kosa, hakupata mahali pa kusema kuwa hana kosa. Walimu na wanasheria waliofanya kazi na kesi hizi Zanzibar wamelalamikia muhali kwa miaka mingi, na kwa haki kabisa, kwa sababu ya madhara yake kwa watoto waliotendewa. Hasara yake kwa neno utetezi haikusemwa sana. Watu waliozoea kuona watuhumiwa wakistiriwa hudhani kwamba wakili naye ni mstiri, ila huyu analipwa.

Mahakama rasmi zilikuja na msamiati mwingine. Maneno kadhi, hakimu, shahidi, hukumu, daawa na wakili yamo katika Kiswahili tangu zamani kutoka Kiarabu. Wakili hapo mwanzo hakuwa mtu wa mahakamani peke yake. Alikuwa yeyote aliyekabidhiwa kusimama badala ya mwingine katika biashara, mirathi au kufungisha ndoa. Chini ya utawala wa Kiingereza sheria za jinai za India zilitumika Zanzibar hadi ilipotungwa sheria ya adhabu ya mwaka 1934, na katika Mahakama Kuu ya Vuga mawakili walijadiliana kwa Kiingereza. Mtu wa shamba aliyeshtakiwa huko alisimama akisikiliza maneno asiyoyajua yakisemwa juu yake na mtu aliyesimama badala yake. Hakusikia utetezi wake. Aliona tu matokeo.

Kisha kikafika kipindi ambacho hata huyo wa kusimama badala yake hakuwapo. Kwa sheria ya mwaka 1969 Zanzibar ilianzisha Mahakama za Wananchi, zikafanya kazi tangu mwaka 1970, na mawakili hawakuruhusiwa kusimama mbele yake. Kiswahili kilitawala shughuli zote, jambo ambalo sisi watu wa lugha tungelipenda kulisifu bila ya kikomo, kwani kwa mara ya kwanza mshtakiwa alielewa kila neno. Lakini alielewa akiwa peke yake. Katika kesi kubwa ya uhaini ya mwaka 1973 na 1974, iliyofuatia kuuawa kwa Mzee Abeid Amani Karume tarehe 7 Aprili 1972, washtakiwa hawakuwa na mawakili wao wa kuwatetea. Mfumo huo ulikoma kwa sheria za mahakama za mwaka 1985, na mawakili wakarejea.

Kwa mtazamo wa istilahi, miaka hiyo kumi na mitano haikuwa miaka tupu. Ndiyo miaka ambayo Bara ilikuwa ikijenga msamiati wa sheria kwa bidii. Kazi iliyoanzishwa na Sheikh Kaluta Amri Abedi alipokuwa Waziri wa Sheria, na ikaendelezwa na A. B. Weston wa Kitivo cha Sheria cha Dar es Salaam, ilizaa orodha ya istilahi za sheria mwaka 1968, na Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967, likaendelea na vijitabu vyake vya Tafsiri Sanifu. Lakini istilahi ya sheria hukomaa midomoni mwa watu wanaoitumia kwa kushindana. Upande wa mashtaka Zanzibar ulikuwa na watu wa kuisema kila siku. Upande wa utetezi haukuwa nao.

Hapo ndipo maana ya tatu, ya kuomba huruma, ilipopata nafasi, na hii tunaiona kuwa yenye madhara kuliko zote. Msomaji na afungue gazeti lolote lenye habari za mahakamani. Atakuta imeandikwa kwamba katika utetezi wake mshtakiwa aliiomba mahakama impunguzie adhabu kwa kuwa ana mke na watoto wanaomtegemea. Huo si utetezi. Ni maombi ya kupunguziwa adhabu, nayo huja baada ya mtu kutiwa hatiani, pale ambapo utetezi umekwisha kusikilizwa na kukataliwa. Kwa kuyaita mambo mawili kwa jina moja, tumewafundisha wasomaji wetu kwamba kujitetea ni kukiri kosa kwa sauti ya huruma. Ndugu wa kijana wa Bwejuu wanaposema kwamba kumtetea ni kutetea uchafu, wanasema walichofunzwa na kalamu zetu. Tunapendekeza kwa wahariri na wakalimani kwamba neno utetezi liachiwe kazi yake moja, yaani majibu ya mshtakiwa kwa shtaka, na lile jingine liitwe maombi ya nafuu ya adhabu.

Kitenzi kujitetea nacho kina mtego wake. Mahakama inapoona kwamba ushahidi wa upande wa mashtaka unahitaji majibu, husema kwamba mshtakiwa ana kesi ya kujibu, na baada ya hapo huambiwa ajitetee. Anayesikia hudhani kwamba mzigo umehamia kwake na kwamba akinyamaza amekiri. Sivyo. Jukumu la kuthibitisha hubaki kwa aliyeshtaki tangu mwanzo hadi mwisho, na Katiba ya Jamhuri ya Muungano, katika ibara ya 13, inakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mwenye kosa kabla haijathibitika. Wala kipimo cha kuthibitisha si "bila shaka yoyote", kama tunavyosoma mara kwa mara, maana hakuna jambo la binadamu lisilo na shaka yoyote. Kipimo ni kwamba pasibaki shaka yenye msingi. Neno hilo "msingi" likiachwa, upande wa mashtaka hudaiwa jambo lisilowezekana. Shaka yenyewe ikisahauliwa, mshtakiwa ndiye atakayedaiwa.

Sasa tutazame majina ya makosa yenyewe. Zamani neno lililotumika sana kwa kosa la kumwingilia mwanamke kwa nguvu lilikuwa kunajisi, nalo bado linatumika katika magazeti ya Kenya kwa makosa dhidi ya watoto. Neno hili ni la twahara: linampaka najisi aliyetendewa badala ya kumtia hatiani aliyetenda. Kubaka limeshika nafasi yake hapa kwetu, na ni afadhali. Mwaka 1998 Bunge lilipotunga sheria maalumu kwa Bara, ilijulikana kwa Kiswahili kuwa ya makosa ya kujamiiana. Kiambishi -ana ni cha kutendana. Kinadai watu wawili waliotenda pamoja. Ni neno la ajabu kulitumia kwa tendo ambalo ubaya wake wote ni kwamba mmoja hakulitenda. Na linapopelekwa mtandaoni linakuwa la ajabu zaidi, kwa kuwa huko hakuna waliokutana. Kwa sababu hiyo watu wengi siku hizi husema makosa ya kingono. Ngono lenyewe lilikuwa na maana pana na ya adabu. Makamusi ya zamani yalilieleza kuwa ni zamu ya mke kwa mumewe katika nyumba ya wake wengi.

Zanzibar imechagua neno lake, udhalilishaji, na mwaka 2021 ikaanzisha mahakama maalumu ya kusikiliza makosa hayo. Ni neno zuri kwa mkutano wa hadhara, kwa sababu linaeleza anachofanyiwa mtu, nalo limesaidia kuvunja ule muhali tuliousema. Lakini haliwezi kuwa shtaka. Ndani yake yamo kubaka, kulawiti, shambulio la aibu, matusi na kusambaza picha, na kila moja lina sehemu zake za kuthibitishwa. Anayeambiwa kwamba amedhalilisha hajaambiwa alichofanya, na asiyejua alichoshtakiwa hawezi kujibu. Kwa sababu hiyohiyo tunamwambia mzee wetu kwamba "mbakaji wa mtandaoni" si jina la sheria yoyote. Aliyesambaza picha, kama alisambaza, ametenda kosa lake, zito kiasi hicho, wala halihitaji kuazima jina la kosa jingine.

Sheria inayohusika hapa ni ile ya mwaka 2015, Namba 14, ijulikanayo kwa Kiswahili kuwa Sheria ya Makosa ya Mtandao, iliyoanza kutumika tarehe 1 Septemba mwaka huo. Ni sheria ya Muungano na inatumika pande zote mbili isipokuwa kifungu kimoja. (Makosa ya mtandaoni ingekuwa afadhali, ya mtandao, kwa masikio ya mtu wa kijijini, ni hitilafu ya simu isiyoshika.) Inakataza, pamoja na mengine, kuchapisha ponografia kwa njia ya kompyuta, na inaweka adhabu nzito zaidi panapohusika mtoto. Kwa makosa haya ya picha za watoto, ridhaa haina nafasi kabisa, na hakuna wakili mwaminifu atakayeijenga hoja yake hapo. Utetezi hukaa kwingine, katika maswali ambayo Kiswahili chetu bado kinayasema kwa kigugumizi.

Swali la kwanza ni nani. Namba ya simu husajiliwa kwa alama za vidole, na kuanzia mwezi Januari 2020 laini zisizosajiliwa hivyo zilianza kuzimwa. Lakini aliyesajili na aliyetumia si lazima wawe mtu mmoja. Katika nyumba nyingi za pwani laini ya kaka inatumiwa na mdogo wake, na simu ya mama huazimwa na watoto wote. Maneno mwenye laini, mtumiaji na mtumaji hayana budi kutengwa. Hati ikisema "picha ilitumwa na namba ya mshtakiwa" haijasema kwamba mshtakiwa aliituma.

Swali la pili ni kujua. Hapa lugha ya polisi ina mazoea ya kale: mtu "hupatikana na" kitu, kama vile bangi au gongo. Msemo huu unafaa kwa kitu kinachoshikika. Picha haishikiki hivyo. Iliyotumwa katika kundi la watu mia inaweza kujihifadhi yenyewe katika simu ya mtu aliyelala. Je, amepatikana nayo? Kupokea, kuhifadhi, kumiliki na kusambaza ni vitenzi vinne, na mfasiri anayevichanganya anaweza kumfunga mtu asiyefungika au kumwachia anayestahili kufungwa. Kumiliki, kwa mfano, lina harufu ya haki na mali. Mtu humiliki shamba. Tungependelea kuwa nayo kwa kujua, ingawa ni refu, kwa sababu lile jambo linalobishaniwa limo ndani yake.

Swali la tatu ni kama kitu kilicholetwa mahakamani ndicho kilekile. Mahakama zetu zilianza kulikabili mapema kidogo: mwaka 2000, katika Mahakama Kuu Kitengo cha Biashara, Jaji Nsekela alikubali kwamba kumbukumbu za benki zilizochapwa kutoka kompyuta zinaweza kupokewa. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 ikaeleza mambo ya kuangaliwa katika kuupima ushahidi wa namna hiyo: ulitengenezwa na kutunzwa vipi, ukamilifu wake ulilindwa vipi, na aliyeutoa alitambuliwa vipi. Zanzibar nayo ilitunga Sheria yake ya Ushahidi, Namba 9 ya 2016. Hapa ndipo linapojibiwa swali la pili la mzee. Simu iliyochukuliwa na polisi ni kidhibiti. Haiwi kielelezo mpaka mahakama iipokee, baada ya upande wa utetezi kupewa nafasi ya kuipinga. Kati ya majina haya mawili kuna safari nzima: nani aliichukua, nani aliifungua, ilikaa kabati gani, nani mwingine aliigusa. Wanasheria huiita mnyororo wa utunzaji. Anayeandika kielelezo mahali pa kidhibiti ameukata mnyororo huo kwa kalamu kabla haujakaguliwa.

Majina ya aliyetendewa nayo yanataka uangalifu uleule. Mhanga ni neno la kafara, na manusura humtazama mtu baada ya hukumu. Kabla ya hukumu tunapendelea mlalamikaji, au shahidi tu. Baadhi ya wenzetu wanaona neno hilo ni baridi. Tunawaelewa. Lakini baridi hiyo inamlinda msichana pia, kwa kuwa upande wa utetezi ukimhoji kama shahidi unahoji maneno yake, na hakimu ana sababu ya kuuzuia ukianza kuhoji mwenendo wake. Kumtetea mshtakiwa hakujawahi kumaanisha kumteta mlalamikaji, ingawa maneno hayo mawili ni ya mzazi mmoja.

Bara, kwa Sheria Namba 1 ya 2021, ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, na katika Siku ya Sheria ya mwaka huo Rais Magufuli alimsifu Jaji Galeba kwa kuandika hukumu kwa Kiswahili. Sheria hiyo haikuzigusa mahakama za Zanzibar, mahali ambapo Kiswahili chenyewe kilichukuliwa kusanifishwa. Tunalitaja hili bila ya maneno zaidi.

Kwa mzee wa Bwejuu tulijibu kwa ukurasa mmoja. Tulimweleza kwamba mpwa wake alikuwa mtuhumiwa tangu aliposhukiwa hadi alipofikishwa mbele ya hakimu na kusomewa shtaka, na hapo akawa mshtakiwa. Kwamba anayeweza kumhamisha tena ni mahakama peke yake, si baraza la kijiji. Na kwamba atakayemlipia wakili analipia majibu ya swali, ambayo msichana wa jirani naye anayahitaji, kwani kama si huyu ni mwingine.

Alituandikia tena baada ya wiki tatu. Alisema ameisoma barua yetu barazani baada ya sala ya alasiri, na mtu mmoja akauliza jambo ambalo yeye hakuweza kulijibu. Tunalo jina la anayeshukiwa, la anayeshtakiwa na la anayefungwa. Je, yule ambaye mahakama imesema hana hatia anaitwaje? Tulitafuta. Tulipata "aliyeachiwa huru", ambalo si jina bali ni habari, na ambalo magazeti hulitumia pia kwa mtu aliyefutiwa shtaka na anayeweza kukamatwa tena kesho yake. Swali lake limewekwa katika orodha ya kikao kijacho cha kamati ya istilahi.